Alexei Romanov: Mrithi wa Urusi aliyeandamwa na damu isiyoganda

MIZINGA ilipoanza kulia jijini St Petersburg mnamo Agosti 12, 1904, wakazi walisimama kuhesabu. Desturi ilikuwa kwamba binti wa mfalme hupigiwa mizinga 101 na mwana wa kiume 301. Mara nne katika muda wa miaka tisa walikuwa wamehesabu hadi 101 kukawa kimya. Siku hiyo mzinga wa 102 ulilia, na mji mzima ukalipuka kwa vifijo. Tsar Nicholas wa Pili na mkewe Alexandra walikuwa wamejaliwa mrithi katika kasri lao la Peterhof, kando ya bahari, na mtoto akapewa jina Alexei.

Ili mtu aelewe furaha hiyo, sharti akumbuke kuwa tangu 1797 sheria ya Urusi ilimzuia mwanamke kurithi kiti maadamu angalipo mwanamume yeyote katika ukoo. Olga, Tatiana, Maria na Anastasia, hata wangekuwa na hekima ya namna gani, hawangeweza kumrithi baba yao. Isitoshe, taifa lilikuwa vitani dhidi ya Japani na habari kutoka Manchuria zilikuwa mbaya kila uchao. Mfalme, kwa furaha yake, aliwateua askari wake wote waliokuwa vitani kuwa baba wa ubatizo wa mwanawe.

Furaha hiyo haikudumu hata miezi miwili. Mwezi wa Septemba, mtoto akiwa na umri wa takriban wiki sita, kitovu chake kilianza kutoka damu. Ilitoka, ikakoma, ikatoka tena kwa muda wa siku tatu. Baadaye alipoanza kutambaa na kusimama dede, kila alipoanguka palifura uvimbe wa rangi ya samawati iliyoiva. Ngozi haikuchanika, ila damu ilikuwa ikimwagika ndani kwa ndani wala haikupata wa kuizuia.

Hapa ndipo msiba wa Alexandra ulipokuwa mkubwa kuliko wa mama mwingine yeyote katika kasri lile, kwa sababu yeye hakuhitaji kuelezwa na daktari. Alikuwa ameyaona maradhi hayo tangu utotoni. Alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1872 katika utawala mdogo wa Hesse, mamake akiwa Alice, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza, yule ambaye mvumbuzi John Speke alilibandika ziwa letu jina lake. Kabla ya Alexandra kutimiza mwaka mmoja, kakake Friedrich, mtoto wa miaka miwili, alianguka kutoka dirishani. Mtoto mwingine huenda angalipona anguko lile. Friedrich alivuja damu kichwani akafa jioni iyo hiyo. Mwaka wa 1884 mjomba wa mama huyo, Leopold, mwana wa Malkia Victoria, aliteleza katika mji wa Cannes nchini Ufaransa, akaumia goti na kichwa, na kulipokucha alikuwa maiti. Alikuwa na umri wa miaka 30. Na mnamo Februari 1904, miezi sita tu kabla ya Alexei kuzaliwa, mpwa wake Heinrich, mtoto wa dada yake Irene, aliaga dunia huko Ujerumani akiwa na miaka minne. Kisa ni kuanguka na kugonga kichwa.

Kwa hiyo bandeji za kitovu zilipolowa damu, mama alijua. Alijua pia kwamba ni yeye aliyempa mwanawe.

Maradhi hayo huitwa hemofilia. Mwili wa binadamu unapokatwa, protini kadhaa zilizomo ndani ya damu huamshana moja baada ya nyingine, kama watu wanaopokezana ndoo za maji nyumba inapoungua, hadi utando mgumu unapoziba jeraha. Wataalamu wamezipa protini hizo nambari. Iwapo ile ya 8 au ya 9 haipo au ni dhaifu, mnyororo hukatika njiani na damu haigandi ipasavyo. Maagizo ya kutengeneza protini hizo mbili yamo katika jeni zinazokaa kwenye kromosomu iitwayo X. Mwanamke ana X mbili, na mara nyingi moja ikiwa na kasoro nyingine humkinga. Mwanamume ana X moja pekee, ile aliyopewa na mama. Ikiwa na kasoro, hana akiba.

Ndiyo maana ugonjwa huu hupita kwa akina mama na kuangukia wavulana. Mama mwenye kasoro hiyo, kila apatapo mimba ya mvulana, ni sawa na kurusha sarafu: nusu ya uwezekano ni kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Akipata msichana, nusu ya uwezekano ni kwamba binti huyo naye ataibeba kasoro bila kujua. Wazee wa zamani waliligundua jambo hili bila darubini. Wanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 2 walitoa hukumu kwamba mama aliyepoteza wana wawili kwa kuvuja damu baada ya kutahiriwa asimtahiri wa tatu. Katika jamii zetu zinazotahiri, msomaji haitaji kuambiwa zaidi, kwani mara nyingi ni kisu cha ngariba kinachofichua kwa mara ya kwanza kilichojificha ndani ya damu ya mtoto. Mnamo 1803 daktari wa Philadelphia, John Conrad Otto, alichapisha maelezo ya ukoo mmoja wa Marekani ambamo wanaume walivuja damu ilhali wanawake, wazima wa afya, waliwarithisha wana wao.

Katika ukoo wa Victoria, hakuna dalili ya hemofilia kabla ya malkia huyo mwenyewe. Wataalamu wengi wanaamini kuwa kasoro ilizuka upya, ama ndani yake au katika mbegu ya babake, Mtawala wa Kent, aliyekuwa na umri wa miaka 51 bintiye alipozaliwa mwaka wa 1819. Takriban thuluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia duniani hawana historia ya ugonjwa huo katika familia zao. Kutoka kwa watoto tisa wa Victoria, mmoja wa kiume aliugua na mabinti wawili, Alice na Beatrice, wakaieneza kasoro kwa ndoa za kifahari hadi Ujerumani, Urusi na Uhispania.

Turudi kwa mtoto wetu. Uamuzi wa kwanza wa wazazi wake ulikuwa kuficha. Milioni kadhaa za raia wa Urusi walimwona mrithi wao kwenye picha akiwa amevaa sare za kibaharia, uso mzuri, macho makubwa, na hawakuambiwa lolote. Hata watumishi wengi wa kasri hawakuambiwa. Mwalimu Mswisi Pierre Gilliard, aliyeanza kuwafunza Kifaransa dada za Alexei mnamo 1905, alikaa miaka mingi akimwona mvulana huyo akitoweka kwa siku kadhaa kisha akirejea amekonda na amepauka, bila yeyote kumfafanulia sababu.

Mabaharia wawili wa jeshi la majini, Andrei Derevenko na Klementy Nagorny, walipewa kazi ya kumfuata kila alikokwenda wamdake kabla hajaanguka. Alikatazwa kuendesha baiskeli. Alikatazwa kucheza tenisi. Lakini alikuwa mtoto mtundu, mwenye mzaha, aliyechoshwa na kukatazwa, na kila alipopona alijaribu kufanya yale yale aliyokatazwa. Alimpenda sana mbwa wake mdogo wa masikio marefu aliyeitwa Joy. Waliomfahamu walisema kuwa maumivu yalimpa huruma kwa wanaoteseka kuliko ilivyo kawaida ya mtoto wa mfalme, ingawa pia alikuwa mkaidi na mara nyingine mwenye kuwatia watu aibu mezani.

Baya zaidi lilimpata katika vuli ya mwaka wa 1912, akiwa na umri wa miaka minane. Familia ilikuwa mapumzikoni katika misitu ya uwindaji ya Poland, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Urusi. Alexei alijigonga alipokuwa akiruka kuingia katika mashua. Alipata nafuu. Baada ya wiki chache, wakiwa mahali paitwapo Spala, mamake alimchukua kupunga upepo katika gari la farasi. Barabara ilikuwa ya mashimo. Mtikiso wa gari ulikitonesha kidonda cha ndani, na walipofika nyumbani mtoto alikuwa karibu azirai kwa maumivu.

Damu ilijaa katika paja na kinena hadi mguu ukajikunja kuelekea kifuani, maana hapakuwa na nafasi nyingine. Homa ilipanda. Vilio vyake vilisikika kote nyumbani na baadhi ya watumishi waliziba masikio ili waweze kuendelea na kazi. Mamake alikaa kando ya kitanda siku nenda siku rudi. Katika nyakati alizopata fahamu, mtoto aliwauliza wazazi iwapo akifa maumivu yatakoma, na akaomba ajengewe mnara mdogo wa mawe msituni. Huku hayo yakitendeka ghorofani, chini kulikuwa na wageni, chakula cha jioni na hata mchezo wa kuigiza uliochezwa na dada zake, kwa sababu siri ilikuwa ingali siri. Gilliard alimwona malkia akitabasamu mbele ya wageni kisha, dakika chache baadaye, akipita mbio kwenye ujia, ameinua gauni lake refu kwa mikono, uso umesawijika.

Hatimaye taarifa rasmi za hali ya mrithi zilitangazwa, ijapokuwa jina la ugonjwa halikutajwa. Makanisa kote Urusi yalifanya maombi. Kasisi alimpa mtoto sakramenti ya mwisho. Ndipo Alexandra alipoagiza simu ya maandishi ipelekwe katika kijiji cha Pokrovskoye huko Siberia, kwa mkulima aliyeitwa Grigori Rasputin.

Mengi yameandikwa kuhusu Rasputin, na sehemu kubwa ni porojo. Hakuwa mtawa wala kasisi. Alikuwa mtu wa kijijini, msafiri wa hija, mwenye sifa ya uombezi na pia sifa ya ulevi na wanawake, aliyekutanishwa na mfalme kwa mara ya kwanza Novemba 1905. Jibu lake kutoka Siberia liliarifu kwamba mtoto hatakufa na kwamba madaktari wasimsumbue mno. Muda mfupi baada ya jibu hilo kufika, damu ilikoma.

Madaktari hawakuwa na maelezo, na hadi leo hakuna yeyote aliye na hakika. Wapo wanaosema damu ilikuwa inaelekea kukoma yenyewe. Wapo wanaosema utulivu wa mama ulimtuliza mtoto na kuupunguza mwendo wa damu yake. Baadhi ya wachunguzi wa miaka ya karibuni wameeleza kwamba huenda madaktari walikuwa wakimpa aspirini, dawa iliyokuwa mpya na yenye sifa kubwa wakati huo, na ambayo leo twajua huzidisha uvujaji. Kama ndivyo, basi ushauri wa kuwakataza madaktari wasimguse ulikuwa tiba bora kuliko tiba yao. Hilo nalo ni la kukisia. Lisilo la kukisia ni kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu, awe waziri, ndugu au askofu, aliyeweza kumshawishi Alexandra dhidi ya Rasputin. Na kwa kuwa raia hawakujua kuwa mtoto ni mgonjwa, hawakuwa na namna ya kuelewa ni kwa nini malkia anamkumbatia mtu wa aina ile. Walitunga sababu zao wenyewe, na zote zilikuwa chafu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, siri ile iliudhuru ufalme kuliko ugonjwa wenyewe.

Mguu wa Alexei ulichukua takriban mwaka mzima kunyooka. Mwaka wa 1913, ukoo wa Romanov ulipoadhimisha miaka 300 ya utawala, umati ulimwona mrithi akibebwa mikononi na askari wa Kikozaki. Watu walinong'onezana, baadhi wakalia.

Mwaka huo huo Gilliard alikabidhiwa masomo yake. Mwalimu huyo aliwaeleza wazazi waziwazi kwamba mtoto anayechungwa kila dakika hatajifunza kamwe kujichunga, na kuwa mrithi wa taifa kubwa hawezi kulelewa kama chombo cha kioo. Wazazi walikubali, wakijua hatari yake. Siku chache zilipita salama. Kisha Alexei akapanda juu ya benchi darasani, akateleza, akaangukia goti lake la kulia. Kesho yake hakuweza kutembea. Gilliard alijawa na majuto, lakini wazazi hawakumlaumu hata kwa neno moja.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, mvulana alikuwa anakaribia kutimiza miaka 10. Mwaka uliofuata mfalme aliuchukua mwenyewe uongozi wa majeshi, akamchukua mwanawe hadi makao makuu ya kijeshi huko Mogilev. Walilala chumba kimoja. Alexei alikagua askari, akatembelea majeruhi, akala chakula cha jeshini, na yaonekana hizo zilikuwa siku zake za raha. Desemba 1915 alishikwa na mafua, akapiga chafya, pua ikaanza kutoka damu isiyokoma. Ilibidi arejeshwe kwa mamake kwa gari la moshi lililosimamishwa mara kwa mara njiani ili bandeji zibadilishwe. Aliponea chupuchupu, na kwa mara nyingine Rasputin, aliyeitwa kitandani pake, ndiye aliyepewa shukrani. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1916, Rasputin aliuawa na watu wa tabaka la juu walioamini kwamba wanauokoa ufalme.

Ufalme haukuokoka. Machi 1917 mapinduzi yalizuka St Petersburg, uliokuwa umebadilishwa jina na kuitwa Petrograd, na majenerali wakamshauri Nicholas ang'atuke. Mnamo Machi 15, akiwa ndani ya gari lake la moshi mjini Pskov, alikubali kumwachia kiti Alexei, kama sheria ilivyotaka. Kabla wajumbe wa bunge hawajafika kutoka mji mkuu, alimwita Profesa Sergei Fedorov, mpasuaji aliyemtibu mtoto, akamtaka amweleze ukweli bila kumficha. Daktari alimjibu kuwa maradhi yale hayana tiba. Alimtanabahisha pia kwamba mfalme aliyeondolewa hangeruhusiwa kukaa na mfalme mpya. Baba akaketi, akafikiri, kisha akaubadilisha uamuzi. Alijiondoa yeye na mwanawe pamoja, akamtaja ndugu yake Mikhail. Kesho yake Mikhail alikikataa kiti, na utawala wa miaka 304 ukaisha. Alexei wakati huo alikuwa kitandani, anaugua surua, hajui lolote.

Hatuwezi kudai kuwa jeni moja iliangusha dola. Njaa, vita, ukaidi wa mfalme na dhuluma ya miaka mingi vilikuwa na uzito wake, na mtoto mzima wa afya huenda naye angeng'olewa baada ya miezi michache. Hata hivyo, usiku ule katika mji wa Pskov, swali la kisiasa lilikatwa kwa jibu la daktari.

Yaliyofuata yanafahamika na wengi. Familia ilipelekwa Tobolsk huko Siberia Agosti 1917. Majira ya kuchipua yalipokaribia, Alexei aliumia tena, inasemekana baada ya kuteleza na sleji ngazini ndani ya nyumba. Wabolsheviki walipomhamisha babake hadi Yekaterinburg mnamo Aprili 1918, mama alilazimika kuchagua kati ya mume na mwana mgonjwa. Alifuatana na mume. Mwana alifuata mwezi wa Mei pamoja na baadhi ya dada zake. Nagorny, baharia aliyebaki mwaminifu, alitenganishwa naye na baadaye akapigwa risasi. Usiku wa kuamkia Julai 17, 1918, waliamshwa na kuteremshwa katika chumba cha chini. Nicholas alimbeba mwanawe kwa sababu hakuweza kutembea. Watu 11 waliuawa humo: wazazi, watoto watano, daktari wao na watumishi watatu. Alexei alikuwa amebakiza chini ya mwezi mmoja kutimiza miaka 14. Joy, mbwa wake, alisalimika na kupelekwa Uingereza.

Kaburi la halaiki lilipofukuliwa mwaka wa 1991 lilikuwa na mifupa ya watu tisa, hivyo Alexei na dada yake mmoja hawakuwamo. Pengo hilo lilinenepesha hadithi za matapeli waliojidai kuwa mrithi aliyenusurika. Mwaka wa 2007 vipande vya mifupa iliyochomwa vilipatikana karibu na kaburi la kwanza, na uchunguzi wa DNA ukathibitisha kuwa ni wao.

Mwaka wa 2009 mtafiti Evgeny Rogaev na wenzake walitangaza walichokiona ndani ya mifupa hiyo. Hadi hapo hakuna aliyejua kwa hakika ni aina gani ya hemofilia iliyoutesa ukoo wa Victoria, na wengi walidhani ni aina A, ambayo ndiyo ya kawaida. Sivyo. Ilikuwa aina B, inayotokana na jeni ya protini ya 9 na inayopatikana kwa takriban mvulana mmoja kati ya 30,000. Kasoro yenyewe ilikuwa herufi moja tu ya kemia, A iliyogeuka G, mahali ambapo vipande vya maagizo huunganishwa. Kwa kosa hilo seli iliunganisha pasipostahili, ikasoma vibaya yaliyofuata, na protini ikatoka kigutu isiyofaa kitu. Herufi hiyo ilipatikana pia katika mifupa ya Alexandra, pamoja na ile ya herufi sahihi, kama inavyotarajiwa kwa mama aliyeibeba. Aidha, ilipatikana kwa mmoja wa dada wanne.

Katika tawi jingine la ukoo, Waldemar, binamu ya Alexei na ndugu wa yule Heinrich aliyefariki 1904, aliishi na hemofilia hadi umri wa miaka 56. Alifariki Mei 1945 katika mji wa Tutzing nchini Ujerumani, vita vikiisha, kwa kukosa damu ya kuongezewa.

Siku hizi mgonjwa wa aina B hudungwa protini ya 9 iliyotengenezwa maabarani, na anaweza kucheza, kusoma na kuzeeka. Mnamo 2022 Marekani iliidhinisha tiba inayopeleka jeni nzima ya protini hiyo ndani ya ini kwa dozi moja, kwa bei ya dola milioni 3.5. Hapa Kenya, wagonjwa wengi hupata sindano za protini kupitia misaada ya Shirikisho la Hemofilia Duniani, na mama aliyemwona mwanawe akivuja damu siku tatu baada ya tohara bado huulizwa na majirani ni nani aliyemroga.